Kulwa, Picha Zako Nimezishusha

Kulwa, shikamoo.

Umeona? Nimekupa. Tangu tujue kusema uliitaka hii shikamoo na mimi nikakunyima. Ulikuwa unatangaza mbele za watu, "Doto, mimi mkubwa wako, nilikutangulia dakika ishirini," na mimi nakujibu kwamba ulitangulia kwa kiherehere chako, mimi nilibaki kufunga mlango. Mama anacheka, wewe unanuna. Basi leo nimekuamkia mwenyewe, bila kulazimishwa. Nimekaa kibarazani kwangu hapa Ngokolo, cherehani mbele yangu, sketi ya shule ya mtoto wa watu inasubiri pindo, na ninakuandikia nyuma ya karatasi za kuchorea vipimo. Wa kuniitikia hayupo, lakini nimeshakuamkia, usije ukasema sikufanya.

Ninakuandikia kwa sababu nimechanganyikiwa. Huzuni ipo, imehamia kwangu, tumeshazoeana. Lakini hili ni jingine. Nimekukosea bila kujua, nimekukosea mbele ya watu wote waliokuja kukuzika, na mwaka mzima hakuna aliyeona isipokuwa mtu mmoja, naye tukamwambia amekosea. Nitakueleza polepole. Nikienda mbio ninajichanganya zaidi.

Nianze na simu yako.

Siku ile udongo uliposhuka kule Rwamgasa, simu ilikuwa juu kwa mama ntilie, maana hukuwa na tabia ya kushuka nayo kwenye duara, shimo lenu la dhahabu. Walikutoa siku ya pili. Masanja, mwenzako wa shimoni, ndiye aliyetuletea vitu vyako: simu, redio, koti la mvua. Kitambulisho kilikuwa mfukoni mwako kule chini, kikarudi kimekwaruzwa na mawe hata uso hauonekani. Nilikishika nikajiambia aa, si kitu, picha zake ziko tele kwenye simu. Nani asiyejua ulivyokuwa na simu yako? Ukoo mzima wengine wote tuna vitochi, mwenye kamera ni wewe. Ukija likizo hatuli mpaka umepiga sahani.

Msibani, Shija akanijia mbio. Unamjua mdogo wetu wa kike, hata akilia anapanga mambo. "Kaka Doto, inatakiwa picha ya kutangulia mbele ya jeneza." Nikaichukua simu nimpelekee Pendo aifungue, maana mkeo ndiye aliyejua namba zako. Kulwa, sikubonyeza kitu. Niliitazama tu, ikafunguka. Ikanitazama usoni na ikafunguka, pa! Nusura niitupe. Waliokuwa karibu wakaguna, mzee mmoja akanyanyuka akatoka nje ya turubai kabisa. Mimi nikabaki nimeishika. Simu yako ilidhani umerudi.

Humo ndani kuna mahali picha zimepangwa kwa nyuso. Pendo ana kiduara chake, Kabula ana chake, Mama ana chake. Mimi na wewe tuna kimoja. Mashine imetuweka wawili ndani ya kiduara kimoja, na chini yake wewe mwenyewe umeandika jina: "Mimi."

Sasa nani angebisha? Simu ni yako, jina umeandika wewe. Tukaingia humo tukachagua. Pendo akaonyesha moja kwa kidole, machozi yanamtoka, akasema, "Hii. Shati lake lile la bluu la mistari." Nikaangalia. Unajua mimi jicho langu linaenda kwenye nguo kwanza, uso baadaye. Nikaliona shati, kazi ya mikono yangu, kola niliyoifumua mara mbili kwa sababu ulisema inakukaba. Nikasema, "Ndiyo yeye." Mimi, Doto, ndiye niliyesema maneno hayo. Shija akaipeleka ikasafishwa kubwa ikatiwa fremu, ikatangulia mbele ya jeneza lako, Mama akaikumbatia, watu wakaililia. Tulipotoka makaburini Pendo akaitundika sebuleni kwake, juu ya kabati la vyombo.

Nishike sasa habari ya mwanao.

Kabula ameanza chekechea. Amekuwa mrefu, ana maneno mengi kukupita wewe. Kila asubuhi kabla hajatoka, mama yake humsimamisha mbele ya ile picha amwamkie baba yake. Na kila asubuhi Kabula anasema, "Shikamoo, baba mdogo." Pendo anamwambia, "Mwanangu, huyo si baba mdogo. Baba mdogo ni yule wa cherehani. Huyo ni baba." Mtoto anaitazama picha, anamtazama mama yake, anarudia: "Shikamoo, baba mdogo."

Iliniuma, Kulwa. Sote ilituuma. Tulisema jamani, mtoto kashasahau sura ya baba yake, na atakumbukaje wakati kila siku uso ule ule anauona unapita hapa na futi shingoni? Shija akatoa wazo kwamba nifuge ndevu, ili mtoto atutofautishe. Nikafuga. Zilinichoma, zikaota upande mmoja zaidi ya mwingine, wateja wakaanza kuniita shehe. Kabula akaja akazivuta, akasema, "Baba mdogo una nyasi." Halafu asubuhi akaenda kwenye picha, "Shikamoo, baba mdogo." Ndevu hazikusaidia kitu.

Pendo akaniita siku moja, akanipa simu yako mkononi. Kioo kilikuwa kimeanza kuvuja, doa jeusi limeanzia pembeni linakuja katikati kila wiki, na juu yake inalia kwamba nafasi imejaa. Akasema, "Shemeji, mtoto huyu asikue hajui baba yake alikuwa nani. Zitoe picha zote, ziwe mahali tunapopajua." Nikamwahidi. Kazi yenyewe niliona ndogo.

Nikaitazama simu ifunguke, ikagoma! Kisa ndevu, na Pendo namba alishazisahau. Ikabidi niende kwa kinyozi hapo jirani nikanyolewe, simu mkononi, nirudi kuwa wewe. Kinyozi akaniuliza nina hafla gani.

Unamkumbuka Mama Swaumu, yule mwenye duka la kompyuta mkabala na mimi, anayenifokea nikimwekea vipande vya vitambaa mlangoni? Ndiye niliyemwendea. Nikamweleza kwamba picha za marehemu zipo salama, ziko juu mtandaoni, ninataka nakala tu. Akavua miwani. "Fundi Doto, hapo hujahifadhi. Hapo umepanga kwa watu. Wakisema akaunti hii mwenyewe haonekani siku nyingi, wakaifunga, utamlilia nani?" Akaniambia nilete eksteno mbili, zile diski za nje, moja ikae kwangu na nyingine ikae mbali na kwangu, zisilale nyumba moja. Mama naye nilipomwelezea kwa simu kwamba picha za Kulwa ziko mtandaoni, akaniuliza swali moja: "Nani anazitunza huko? Tunamfahamu?"  

Basi Mama Swaumu akaanza kuingia kwenye akaunti yako kwa kompyuta yake. Mara simu yako ikalia mkononi mwangu. Imeandika: Je, ni wewe unayejaribu kuingia? Chini majibu mawili. Ndiyo, ni mimi. Hapana, si mimi.

Mama Swaumu anasema bonyeza, muda unakwisha, na mimi ninaangalia yale maneno. Ninaonekana wewe, simu imenikubali kwa uso, lakini kuandika kabisa kwamba ndiyo, ni mimi? Ulipokuwa hai tulidanganya walimu, tulidanganya makondakta, ulinifanyia mtihani wa hesabu na mimi nikakukimbilia mita mia, hatukuona aibu. Siku hiyo nilitetemeka. Nikabonyeza Ndiyo. Nisamehe.

Haikuishia hapo. Ile programu ikanijia na nyuso mbili, bega kwa bega, ikaniuliza: Je, huyu ni mtu yule yule au ni tofauti? Mmoja kacheka, mmoja kafumba mdomo. Nikaangalia, nikasogeza karibu, nikasogeza mbali. Sisi tunaojidai hakuna awezaye kutuchanganya isipokuwa wageni! Kulikuwa na jibu la tatu: Sina uhakika. Nikabonyeza hilo. Ikaleta nyingine mbili, nikabonyeza hilo hilo. Nadhani hata yenyewe ilichoka na mimi, ikaacha kuniuliza.

Mama Swaumu akasema picha zitakuja kwa mafurushi, tuziombe, zikiwa tayari tutazipakua. Nirudi kesho.

Sasa sikia nilichokifanya nilipofika nyumbani. Nilisema nimpunguzie mama wa watu kazi. Kwenye simu yako kuna picha za magogo, Kulwa, kama zote. Matimba ya duara lenu, yale magogo yanayozuia kuta, picha baada ya picha, miezi na miezi, gogo lile lile, kamba ile ile, tope lile lile. Nikasema haya ni takataka ya kazi, na hata nikizifuta hapa, kule juu zipo. Nikakaa kitako nikafuta. Nilifuta mpaka kidole kikafa ganzi. Katikati ya magogo nikawa ninaona suruali, buti, kifua cha mtu hakina kichwa, nikadhani mkono wako uliteleza ukajipiga bahati mbaya. Nikafuta na hizo. Simu ikawa nyepesi, nikajisifu.

Kesho yake nikamwambia Mama Swaumu, nikitegemea asante. Alipiga kelele mpaka wateja wakageuka. "Umefuta? Fundi Doto, ukifuta kwenye simu umefuta na kule juu! Ni kitu kimoja hicho! Ulidhani ziko mbili?" Nikamwambia ndivyo nilivyodhani, kwamba moja ikiondoka nyingine inabaki. Nilipoyasema hayo akaacha kunifokea. Akavuta kiti akakaa. Akasema polepole kwamba kuna pipa la taka humo humo, vilivyofutwa hukaa kwanza siku kadhaa kabla havijapotea kabisa. Tukaingia kwenye pipa. Zilikuwa zote humo. Tukazirudisha zote, magogo na suruali, mimi bado ninasema moyoni kwamba anapoteza muda na magogo.

Siku tatu tulipakua. Umeme ukikatika tunaanza upya. Mwishowe zikatimia kwenye eksteno ya kwanza, na Mama Swaumu akazipanga, si kwa nyuso tena, bali kwa tarehe na saa, kila picha ikafuata nyingine kama ulivyozipiga. Akaniachia kiti chake akaenda kuhudumia watu.

Nikaanza na harusi ya Shija, maana ndipo ilipotoka ile picha ya fremu. Nilitaka kukuona umefurahi. Picha ya kwanza, mimi nina shati jeupe, mchuzi umenimwagikia kifuani kote, mdomo wazi. Ya pili, shati jeupe limening'inia kwenye kiti, lina doa. Ya tatu, mimi ninafunga vifungo vya shati la bluu la mistari. Ya nne ndiyo ile ya kwenye fremu.

Ndipo yote yakanirudia. Ulinivuta nyuma ya tangi la maji, ukavua shati lako, ukabaki na fulana. Nikakataa, nikasema wewe ni kaka wa bibi harusi, huwezi kubaki na fulana. Ukanivalisha kwa nguvu ukasema, "Vaa bwana. Mimi leo mpiga picha, nani ataniangalia?"

Kulwa, yule kwenye fremu ni mimi. Jeneza lako lilitanguliwa na sura yangu. Mama aliikumbatia sura yangu. Mwaka mzima mwanao anasimamishwa mbele ya baba mdogo, anamwamkia baba mdogo, na watu wazima tuna akili zetu tunamwambia amekosea.

Nilicheka. Wallahi nilicheka peke yangu mpaka Mama Swaumu akaniuliza kuna nini, nikamwambia, "Marehemu ni mimi," akasema astaghfirullahi na akanipa maji.

Nikarudi kwenye kile kiduara chako cha "Mimi," nikazipitia zote nikiwa ninaangalia nani kashika simu. Ni mimi tupu. Mimi kwenye cherehani. Mimi nimelala mdomo wazi. Mimi ninabishana na muuza vitambaa. Wewe uko nyuma ya kila picha, na mbele haupo. Ninakuona kwenye kivuli, ninakuona kwenye kidole kilichoziba pembe. Zimebaki saba tu ambazo kweli sijui, huenda ni wewe, huenda ni mimi, nimezitia folda yake nikaiita Sina Uhakika. Nilimpelekea Pendo hizo saba, akazikodolea macho, akasema, "Mbili zinafanana na yeye," kesho yake akataja mbili nyingine.

Na hilo jina, kaka, uliliandikaje? Mashine ilikuuliza huyu ni nani ukaandika Mimi. Ulikosea kama sisi? Ulikuwa unafanya utani wako? Ningekupata dakika moja tu ningekuuliza hilo kabla ya jingine lolote.

Hapo nilikata tamaa. Niliahidi kumpa Kabula baba yake, na kwenye maelfu ya picha hakuna hata moja ya kuapia. Nikawa ninashuka tu na picha bila kutafuta kitu, nikaingia kwenye magogo. Na kwa kuwa sasa zilikuwa zimepangwa kwa saa, nikaona kitu ambacho kwenye simu sikukiona. Matimba, halafu mtu asiye na kichwa. Kesho yake matimba, halafu mtu asiye na kichwa. Kila asubuhi, saa ile ile, kuanzia shingo mpaka buti. Mkono haukuteleza, Kulwa. Mkono hauwezi kuteleza kila siku.

Na zile nguo ninazijua. Ile kaki niliyokupunguza kiuno. Ile fulana ya kijani niliyoitia kola ya zamani. Na ile suruali ya kijivu yenye kiraka cha njano cha vipepeo gotini, kitambaa kilichobaki kwenye gauni la Kabula. Ulivyonilalamikia! "Doto, unanipeleka shimoni na vipepeo?" Nikakwambia kitambaa kigumu nilichonacho ni hicho, huko chini nani atakiona. Huyo ni wewe. Kwa hilo ninaweza kuapa mbele ya yeyote, maana kila uzi ulio mwilini mwake niliupitisha mimi.

Nikampigia Masanja. Yuko bado huko huko, amehamia duara jingine. Tukaamkiana, mwangaluka, mwangaluka, nikamuuliza habari ya hizo picha. Akasema, "Kaka yako kila asubuhi kabla ya kushuka alikuwa anapiga matimba ya mdomoni mwa duara, analinganisha na ya jana kama yamesogea. Halafu anajipiga nguo. Anasema tukifukiwa, watu wajue nani alivaa nini. Nikamuuliza, sasa mbona uso hupigi? Akacheka. Akasema uso anao Doto kule Ngokolo, huo haupotei."

Nikamshukuru, wabeja, Masanja, nikakata simu. Sikushona siku hiyo.

Nimeiangalia na ya asubuhi ile ya mwisho. Suruali ni ya kijivu, ya vipepeo. Matimba nayo nimeyaweka kando ya matimba ya jana yake, nimeyapima kwa rula juu ya kioo cha kompyuta, mimi ninayeona kombo la uzi mmoja. Hayajasogea. Yako vile vile, Kulwa. Ulipiga, ukalinganisha, ukaona sawa, ukashuka, na mimi hapa ninaona sawa kama ulivyoona wewe. Sasa ilikuwaje? Kila nikiyaangalia ninarudi pale pale. Masanja anasema ni mvua. Labda ni mvua.

Nikaisafisha ile ya vipepeo, kubwa, urefu wa mtoto. Nikampelekea Pendo, nikamweleza yote, kuanzia mchuzi mpaka magogo. Alinisikiliza mkono mdomoni. Akaigeukia fremu. "Yaani mwaka mzima nimekuwa ninamlalamikia shemeji?" Akacheka, akalia, akacheka tena, akaniambia kuna mambo alishaiambia ile picha na mimi nijifanye sikuyasikia. Kisha akamwita Kabula.

Nilipiga magoti nikaisimamisha picha sakafuni mbele yake. Nilikuwa na hofu, kaka. Nilijiambia mtoto huyu akisema hamjui, basi, imeisha, nimeshindwa. Kabula akaja karibu. Hakuangalia mahali kichwa kinapopaswa kuwa. Akaweka kidole kwenye kiraka. "Kitambaa changu hiki," akasema. Akapandisha kidole mpaka kwenye mkanda, akakishusha kwenye buti lililokatika kamba. "Huyu ndiye baba."

Pendo akamuuliza, "Na yule pale juu?"

"Si nilisema ni baba mdogo?" Akatutazama kwa huruma, vile tulivyokuwa tunamtazama yeye. Halafu akaniuliza mimi, "Kichwa cha baba kiko wapi?"

Nilikuwa nyuma ya picha, nimeishika pande mbili isianguke. Nikainama tu, nikaweka kidevu changu juu ya ukingo wake, pale shingo yako inapoishia. Kabula akarudi nyuma hatua mbili atuone vizuri. Akatabasamu. Akashika mikono yake mbele, kama mama yake alivyomfundisha.

"Shikamoo, baba."

Kulwa, nikaitikia. Nikasema, "Marahaba, mwanangu." Sijui kama ilikuwa haki yangu. Nimebonyeza Ndiyo, ni mimi kwa mara ya pili, na safari hii sikutetemeka.

Basi, mkubwa wangu, hali ndiyo hiyo. Eksteno moja ipo kwangu kwenye droo ya nyuzi. Ya pili Jumamosi ninaipeleka kijijini, iingie kwenye sanduku la bati la Mama, na hapo hapo nitamwambia habari ya fremu. Ninaogopa. Omba asinichape na mwiko. Picha zako zote zipo, hata magogo, sitafuta hata gogo moja.

Na ninakuahidi hili. Sura uliyoniachia nitaitunza. Sifugi tena ndevu, hata Shija aseme nini. Kila mwaka nitakwenda kwa Mama Swaumu anipige picha moja, uso tu, nayo itaingia kwenye kiduara kile ulichokiita Mimi, ili Kabula akitaka kujua baba yake angekuwaje na miaka arobaini, na hamsini, na mvi, afungue aone. Nitazeeka polepole, kwa ajili yake. Wewe pumzika huko, usipige tena matimba.

Haya, kwaheri, kaka. Nilikwambia mwanzoni wa kuniitikia hayupo. Shikamoo tena. Marahaba nitajiitikia mwenyewe, sauti si ni ile ile.

Mdogo wako wa dakika ishirini,

Doto